Jamani, mimi wa kuambiwa "kapake kiwi" mbele ya mama mkwe?

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari hapa Buzuruga. Mikono inatetemeka na sijala tangu asubuhi. Herufi zikikosewa mnisamehe.

Yule fundi wa kung'arisha magari mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa fulana nyeusi ya kubana na glovu nyeusi kama daktari wa upasuaji, ambaye kila jioni anaweka video anamwaga maji kwenye boneti, maji yanakimbia kama vifaranga vimeona mwewe. Huyo huyo. Wote humu mmeshampa laiki, msijifanye wageni wa Mwanza.

Mwezi wa tatu nilimpelekea Harrier yangu nyeusi. Gari limetoka bandarini, halina hata mkwaruzo wa ukucha, na ushuru wake ng'ombe wa nyumbani wanaujua. Nikamwambia kwa kinywa changu, kaka, njia yangu mimi ni Sengerema na Geita, kila siku niko nyuma ya malori ya kokoto, nataka kitu cha kuzuia mawe. Nikamuuliza waziwazi: ile PPF, nailoni ya kubandika, na hii seramiki ya kupaka, ipi inanifaa? Akanitazama kama mtoto aliyepotea stendi. Akasema, "Mzee wangu, seramiki. Hii ni 9H, inakaribia almasi. Jiwe likigonga linarudi lilikotoka."

Jiwe linarudi lilikotoka! Nikatoa laki nane na nusu, taslimu. Siku mbili nikapanda daladala nimesimama, nacheka peke yangu, kwamba gari langu linavishwa almasi.

Leo ni miezi minne. Boneti lina vidonda 17, nimevihesabu kwa kidole. Bampa ndiyo usiseme, utadhani limeugua ndui. Kidonda kimoja kimefika kwenye bati na kutu imeshaanza kuchungulia.

Basi leo nikapita kwake, kwa heshima zote, sikwenda kwa shari. Ndani ya gari nina mama mkwe, nimemtoa Magu alfajiri nampeleka kliniki ya macho Bugando. Mama mkwe wangu, wakuu. Wasukuma mnajua ninachosema. Huyu ni mtu ambaye nikiongea naye natazama chini, hata kupiga chafya mbele yake naona aibu.

Nikamwonyesha yule bwana boneti. Akalitazama sekunde mbili. Akanyoosha mgongo, akapaza sauti kama anauza mitumba Makoroboi:

"Mzee, kwa gari hili na hizo safari zako, ungeenda tu dukani ukanunua kiwi ukapaka."

KIWI!

Ile ya viatu! Ile ya mwanafunzi wa darasa la tatu Jumapili jioni! Vijana wake saba wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Hata mlinzi wa duka la jirani alicheka, na yule mlinzi sijawahi kumuona akicheka tangu nimfahamu. Mama mkwe akavuta khanga akafunika uso.

Nikatoka pale. Hatukusemezana. Tumefika Mabatini, foleni imesimama, ndipo mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, kwani hiyo kiwi wanauzaje?"

Wakuu, nilitamani lile Jiwe la Bismarck ling'oke kule ziwani linidondokee.

Pesa nimeshasahau. Vidonda vya boneti nitavisamehe. Lakini kiwi? Mimi, mtu mzima, mbele ya mama aliyenipa mke, naambiwa kiwi? Sitaki ushauri. Nataka kila mwenye gari kanda hii ya ziwa ajue mtu huyu ni mtu wa namna gani.

---

Boda wa Igoma: Nimefika kwenye kiwi nikaangusha simu. Samahani mkuu, ni nyeusi au ya kahawia?

Babu Nyegezi: Pole sana ndugu yangu. Huyo bwana hata mimi kanila. Lile langu alimaliza kulipaka saa kumi jioni, akanikabidhi ufunguo saa kumi na moja, na wingu limetanda. Nafika Mkuyuni mvua hiyo. Kumbe kile kitu kinatakiwa kikae pakavu angalau siku nzima kabla hakijaguswa na maji. Gari langu lina madoa mpaka leo, limekuwa chui.

Mkwe wa Magu (mleta uzi): Babu, shikamoo. Madoa yanauma, sikatai. Lakini wewe uliambiwa kiwi? Hukuambiwa.

Mikroni: Mleta uzi, umetukanwa na hilo ni kosa la yule bwana. Lakini uliibiwa mwezi wa tatu, leo umetukanwa tu. Seramiki ni maji maji ya silika, yakikauka yanabaki utando wa mikroni moja au mbili (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Rangi yote ya gari lako, kuanzia prema ya chini kabisa mpaka klia, ile ya juu isiyo na rangi, ni kama mikroni 100, ikizidi sana 150. PPF peke yake ni mikroni 150 mpaka 200 za plastiki laini inayovutika. Jiwe likipiga PPF, plastiki inabonyea inameza kishindo. Likipiga seramiki, kishindo kinapita moja kwa moja mpaka kwenye rangi, maana hakuna cha kukimeza. Na hiyo 9H wanayoimba ni kipimo cha penseli! Unakwaruza kwa penseli za ugumu tofauti, 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye ngazi hiyo. Almasi haimo humo kabisa.

Kazi ya seramiki ni nyingine: maji na matope hayagandi, gari linaosheka upesi, jua haliichoshi rangi haraka. Kwa mtu anayezunguka mjini kati ya Capri Point na Nyamagana inatosha na inazidi. Kwa mtu wa Geita? Bampa, boneti, vioo vya pembeni na taa vilitakiwa vibandikwe PPF, kwingine ndiko ungepaka seramiki. Na ukitaka vyote mahali pamoja, PPF inatangulia, seramiki juu yake. Ukigeuza, gundi haishiki.

Sangara Mbichi: Silika si ndiyo mchanga? Kwa hiyo mzee amelipa laki nane na nusu kupakwa mchanga, na Mwanza hii mchanga tumezaliwa nao.

Boda wa Igoma: Bora kiwi, angalau ingeng'aa.

Mkwe wa Magu: Mikroni, ahsante. Sasa hayo uliyoyasema kwa dakika moja, yule bwana alishindwa nini kuyasema mwezi wa tatu? Mdomo anao. Leo kautumia kusema nini? Kiwi.

Dada wa Bwiru: Mnaisifia PPF kama malaika ameshuka. Mimi niliweka boneti na bampa kwa fundi mwingine, milioni moja na laki sita. Haukupita mwezi kingo zikaanza kufumuka, vumbi la Nyakato likaingia chini yake, gari likawa na ukingo mweusi kama kola ya shati la kondakta. Nikaenda wakaibandue. Ikabanduka na rangi! Kipande kikubwa kama sahani ya ubwabwa, bati jeupe linanitazama. Fundi ananiambia, "Dada, gari lako lina tatizo." Gari LANGU ndilo lina tatizo!

Mikroni: Dada, boneti hilo lilishapigwa rangi upya kabla hujalinunua. Rangi ya kiwandani inachomwa kwenye joto kali, inashika. Rangi ya gereji mara nyingi inabanduka na gundi. Fundi alitakiwa alipime kwanza kwa kile kidude cha kupima unene wa rangi, angeona palipopigwa upya, halafu akuambie hatari yake kabla hajabandika.

Dada wa Bwiru: Kidude! Yule alipima kwa jicho, tena jicho lenyewe lilikuwa kwenye simu anaangalia mpira.

Babu Nyegezi: Halafu hii PPF mnajua ilikotoka? Jeshi la Marekani, vita ya Vietnam. Walibandika kwenye mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vipande vya vyuma. Leo mtu anambandikia mwenzake IST kwa bei ya helikopta.

Jirani wa Mwaloni: Nyie mna shida za mawe, mna bahati. Njooni muegeshe chini ya miti huku Kirumba karibu na Mwaloni. Yale makorongo makubwa yenye upara yanashinda yanakula matumbo ya samaki, kisha yanapanda juu ya mti na kushusha. Siyo kinyesi cha kuku kile! Ni nusu ndoo ya chokaa ya moto. Niliegesha Crown dakika ishirini nikanunue dagaa, narudi naona ramani ya Afrika kwenye paa, Madagaska imejitenga pembeni. Nilipofuta, rangi imefifia ramani ile ile. Nani atanilipa? Korongo?

Mikroni: Hapo sasa seramiki ingekusaidia, kinyesi kisingeshika upesi. Lakini nayo haikupi ruhusa ya kulala nacho. Lowesha kwa maji mengi mara moja, usikikwangue kikiwa kikavu.

Jirani wa Mwaloni: Maji mengi niyatoe wapi sokoni, niombe ya barafu ya kuhifadhia sangara?

Sangara Mbichi: Na wale wadudu wa ziwani wanaotokea kama moshi? Ukipita usiku kando ya ziwa asubuhi bampa linafanana na chapati ya ufuta. Ukisugua unachuna rangi, ukiacha wanakaukia hapo hapo.

Mama Wawili Kisesa: Tatizo lenu wanaume ni moja. Mnalipa mamilioni kwa fundi, kesho yake mnampelekea kijana wa kuosha ambaye ana kitambaa kimoja tangu mwaka uanze. Kimefuta Fuso ya mkaa, kimefuta pikipiki, kimeanguka kwenye mchanga, sasa kinafuta Harrier nyeusi. Na nyeusi hiyo ya Toyota, namba ya rangi 202, ukiitazama kwa hasira inachubuka. Jioni juani inaonekana mizunguko kama buibui amejenga. Halafu lawama kwa seramiki.

Boda wa Igoma: Mimi naosha ziwani kabisa, maji ya Mungu, bure.

Mama Wawili Kisesa: Na mafuta na sabuni yako tunayanywa sisi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kaisome.

Boda wa Igoma: Mita 60 kutoka wapi, maji yakijaa au yakipungua?

Mkwe wa Magu: Wakuu, turudi kwenye mada. Alisema KIWI. Mbele ya watu saba, mlinzi na mama mkwe.

Msengerema Asilia: Mimi nina swali kwa mleta uzi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za lami safi. Hayo mawe umeyatoa wapi? Usituchafulie njia yetu.

Mkwe wa Magu: Ndugu yangu, darajani hakuna jiwe, sijasema kuna jiwe darajani. Mawe yako kwenye malori yasiyofunikwa turubai! Unafuata lori, linaruka tuta, kokoto inakuja inakutazama machoni.

Msengerema Asilia: Acha nafasi. Enzi za feri mlikuwa mnasubiri foleni kwa upole, sasa mmepata daraja kila mtu rubani.

Babu Nyegezi: Msengerema usimseme mwenzio vibaya, ameumizwa. Mleta uzi, hivi ulimjibu nini mama mkwe?

Mkwe wa Magu: Nilimwambia, "Mayu, kiwi ni ya viatu." Akasema, "Haya." Hakuongeza neno. Kliniki tumemaliza saa nane, nafungua mlango wa gari apande, ananiambia atarudi na Hiace, nisijisumbue. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kupanda Hiace mimi nikiwa na gari.

Dada wa Bwiru: Uwiii. Hapo pole ya kweli.

Sangara Mbichi: Mzee wa Kiwi pole. Naomba hilo liwe jina lako rasmi humu.

Jirani wa Mwaloni: Turudi kwa makorongo, maana hamjanijibu nani analipa.

Msengerema Asilia: Kwanza hao siyo makorongo. Wale wenye upara na mfuko shingoni ni kongoti.

Jirani wa Mwaloni: Nimezaliwa Kirumba, nimenyewa nao tangu shule ya msingi, leo unifundishe jina? Korongo.

Mama Wawili Kisesa: Kongoti. Korongo ni jina la ukoo mzima.

Boda wa Igoma: Vyovyote mtakavyomwita, mmoja kashusha sasa hivi kwenye kiti cha pikipiki yangu na abiria kashapanda.

Jirani wa Mwaloni: Mweupe au wa kijivu? Maana wa kijivu ndiye anayeunguza.