Kiwanja pembeni ya korongo Muriet: nikague nini kabla ya kulipia?

mnunuzi_muriet
Wakuu, habari za kazi. Kuna kiwanja kata ya Muriet, jijini Arusha, mita 20 kwa 25, kimepakana na korongo lenye upana wa mita 4 na kina cha mita 1.5. Bei yake iko chini sana ukilinganisha na viwanja vilivyo juu kidogo mtaa huohuo. Dalali anasema korongo ni kavu, hupita "maji ya mvua tu". Naomba wenye ujuzi: nitazame nini pale? Nikiinua msingi na kupiga ukuta, inatosha? Na haya ya Mlima Meru kulipuka na matetemeko yana uzito gani?

maji_ya_kikuletwa
Mkuu, hayo "maji ya mvua tu" ndiyo yenyewe. Mvua inayojaza makorongo ya huko chini hainyeshi Muriet peke yake. Inanyesha juu, kwenye miteremko ya Meru, na katikati ya jiji ambako bati na lami hazinywi tone. Kwenu kunaweza kuwa na manyunyu tu, korongo likajaa ndani ya dakika chache.

Piga hesabu. TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) inaita mvua kubwa pale inapozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zikianguka kwenye kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000. Nusu tu ikitiririka, hayo ni maboza 2,500 ya lita 10,000, na yote yanatafuta pa kupita.

Tarehe 12 Aprili 2024, asubuhi, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji kwenye kata hiyohiyo ya Muriet. Watoto 8 walifariki, pamoja na mtu aliyejitosa kuwaokoa. Ule haukuwa mto mkubwa wenye jina kwenye ramani, na ndiyo maana naomba usilipuuze korongo kwa sababu leo limekauka.

Nenda wakati hakuna mvua, ushuke ndani, utazame ukingo uliokatika kama unavyotazama keki iliyokatwa. Ukiona udongo mweusi, kisha mkanda wa mchanga na kokoto za mviringo, kisha udongo tena, kila mkanda wa kokoto ni siku ambayo maji yenye nguvu yalipita hapo. Ukikuta mkanda wa namna hiyo karibu na usawa wa kiwanja, maji yameshawahi kupanda juu ya ukingo. Halafu inua macho kwenye matawi na seng'enge: mifuko ya plastiki na majani makavu yaliyonasa yanakuonyesha kimo. Mizizi iliyobaki inaning'inia hewani ina maana ukingo unaliwa, na utaendelea kuliwa kuelekea kwako.

Majirani usiwaulize "huwa kunafurika?" Watakujibu hapana ili wasiharibu biashara ya mtu. Waambie wakuonyeshe kwa mkono ukutani maji ya Aprili 2024 yalifika wapi. Wazee waulize ya El Niño ya 1997/98.

fundi_msingi
Kuhusu ukuta: ukuta wa tofali uliokatiza njia ya maji ni bwawa. Maji yanajaa upande wa juu, yanausukuma, unaanguka wote kwa mara moja, na aliye chini anapokea wimbi pamoja na matofali. Kama lazima uzungushe, upande wa korongo weka seng'enge au ua wa miti, usiweke ukuta.

Kuinua msingi kunasaidia kwa maji yanayotambaa uani, hakusaidii kwa ukingo unaobomoka. Sehemu tambarare za huko kuna udongo mweusi wa mfinyanzi: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kiganja. Chimba hadi uvuke udongo huo ufikie moramu (udongo mgumu wa changarawe) au tabaka gumu, na usiurudishe uleule kujazia ndani ya msingi, jazia moramu iliyoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15. Gebioni (masanduku ya waya yaliyojazwa mawe) zinashika ukingo, ila zikae chini ya sakafu ya korongo angalau nusu mita, la sivyo maji yanachimba chini yake na zinapinduka na mawe yake.

Na kabla ya yote soma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: shughuli za kudumu, kama kujenga, haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja chako chote kina urefu wa mita 25! Kaulize Bodi ya Maji Bonde la Pangani kama korongo hilo linahesabika mkondo wa maji, upewe jibu kwa maandishi.

jiwe_la_momella
Meru ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, kidogo tu. Yale mabonde na vilima vya Momella ni mabaki ya upande wa mashariki wa mlima ulioporomoka maelfu ya miaka iliyopita. Hiyo isikunyime usingizi. Tetemeko lichukulie kwa uzito zaidi: Julai 2007 lilipiga la ukubwa wa 5.9 karibu na mlima Gelai, likasikika hadi Arusha na Nairobi, na Septemba volkano ya Oldoinyo Lengai ikalipuka. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo 4 za milimita 12, uzunguke nyumba nzima bila kukatika kwenye kona.

mnunuzi_muriet
Asanteni sana. Nimerudi leo. Mita 40 chini ya kiwanja kuna barabara yenye kalavati moja la bomba la sentimita 60. Ni nzuri au mbaya?

maji_ya_kikuletwa
Mbaya. Korongo likijaa lina eneo la mita za mraba 6. Maji yakienda mita 3 kwa sekunde, zinapita mita za ujazo 18 kila sekunde. Bomba la sentimita 60 kwa kasi hiyohiyo halifikishi hata 1. Hapo bado halijazibwa na migomba na chupa. Maji yatarudi nyuma, na nyuma yake ndipo kilipo kiwanja chako.

uru_kusini
Kwa wanaotafuta Moshi: Mabogini, Chekereni na Kahe ni hadithi nyingine. Maji yanashuka kutoka Kibosho na Uru, hayana kasi ya makorongo ya Arusha ila yanakaa siku kadhaa. Huko tatizo ni choo cha shimo na kisima. Inua mdomo wa kisima juu ya alama ya mafuriko, choo kiwe upande wa chini wa kisima, na maji yakishapungua usinywe ya kisima kabla hayajatibiwa.

mnunuzi_muriet
Nimemwambia dalali sikitaki. Ana kingine Moshono, mteremkoni. Jumamosi naenda na jembe na futi ya mita 50.