Osm2pgsql inagoma kujengwa kwenye Ubuntu 22.04: cmake inapita, make inaishia njiani. Naomba ushauri

Ramani_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Nataka kujenga osm2pgsql (programu ya kuingiza data za ramani za OpenStreetMap kwenye hifadhidata ya PostgreSQL) toleo la 2 kutoka msimbo asilia, kwa sababu ile inayokuja na apt kwenye Ubuntu 22.04 ni 1.6.0 na faili la mtindo ninalotumia, lililoandikwa kwa lugha ya Lua, linahitaji toleo jipya. Lengo ni kuingiza barabara na visima vya Dodoma Jiji, Bahi na Chamwino kwenye PostGIS (nyongeza ya PostgreSQL ya kutunza data za ramani).

Laptopu ina RAM ya GB 4. Kuna Miniconda pia (kisimamizi cha vifurushi vya Python na maktaba zake), mazingira yake ya kuanzia, base, yana GeoPandas na vifurushi vingine kadhaa. Folda ya mradi niliinakili kwa flashi kutoka kompyuta ya mwenzangu ili kuokoa bando.

Kwanza ilileta hii:

`CMake Error: The current CMakeCache.txt directory ... is different than the directory ... where CMakeCache.txt was created.`

Nikaifuta hiyo CMakeCache.txt, cmake (inayoandaa ujenzi) ikapita mpaka mwisho. Nikapiga `make -j4`, ikafia hapa:

`c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`

Nikarudia mara mbili tatu, ikasogea, ila mwishoni kabisa:

`undefined reference to 'lua_newuserdatauv'`

liblua5.3-dev nimeiweka, nimeiondoa, nimeiweka tena. Nakwama wapi?

Fundi_Makole

Hayo ni makosa matatu tofauti, mkuu, usiyachanganye. Naanza na la flashi.

CMake ikishamaliza kupima mashine inaandika majibu yote kwenye CMakeCache.txt kwa njia kamili: kompaila iko wapi, maktaba ipi iko folda gani. Majibu hayo ni ya mashine ile tu. Ukiyahamishia kwako yanataja /home ya mtu mwingine, na ndiyo maana ilikataa. Kufuta faili hilo moja hakutoshi, kwani folda ya CMakeFiles nayo inabaki na matokeo ya vipimo vya zamani. Futa folda nzima ya build:

`rm -rf build && mkdir build && cd build && cmake ..`

Hakikisha pia hakuna CMakeCache.txt iliyosahauliwa kwenye folda ya juu, ya msimbo wenyewe. Ikiwepo pale, `cmake ..` itaisoma hiyo na kujengea hukohuko juu, huku wewe ukidhani unajenga ndani ya build.

Flashi yenyewe nayo ni tatizo. Ikiwa ni FAT32 au exFAT haitunzi ruhusa za kuendesha faili wala viungo vya symlinki. Mkihamishiana mradi, ufungeni kwanza kwa `tar czf`, ndipo unakiliwe. Na iachwe folda ya build, msibebe uchafu wake.

dada_postgis

Hilo la Lua ndilo lenye utamu. Kabla ya kujibu naomba matokeo ya amri hii, ukiwa ndani ya build:

`grep -i conda CMakeCache.txt`

Na unapoweka makosa hapa, weka kosa la kwanza kutoka juu. Ule mstari wa mwisho, `Configuring incomplete, errors occurred!`, hausemi chochote. Ukitaka undani soma CMakeFiles/CMakeError.log. Kwa wenye CMake 3.26 kwenda juu faili hilo halipo tena, badala yake kuna CMakeConfigureLog.yaml.

Ramani_Nkuhungu

Asante dada. Nimefuta build na kuanza upya. Mstari ni mmoja tu:

`Boost_DIR:PATH=/home/ramani/miniconda3/lib/cmake/Boost-1.82.0`

Boost (maktaba ya C++) kweli iko kwenye base, na Lua 5.4 pia naiona humo. Lakini kosa linataja Lua, halitaji Boost.

dada_postgis

Mstari huo mmoja unatosha kuharibu kila kitu. Fuatilia taratibu.

CMake inapotafuta kifurushi chenye faili lake la usanidi, kama BoostConfig.cmake, inapitia PATH yako (orodha ya folda ambamo terminali hutafuta programu). Kila anwani inayoishia na /bin inakatwa mkia, na kinachobaki kinachukuliwa kuwa mzizi wa kutafutia. Terminali yako ikifunguka na base imewashwa, miniconda3/bin iko mbele kwenye PATH, kwa hiyo miniconda3 inapekuliwa kabla ya /usr. Boost 1.82 ikapatikana huko, ya Ubuntu ambayo ni 1.74 haikufikiwa.

Hasara haiishii kwenye Boost. Kutumia Boost ya conda maana yake ni kumwambia kompaila asome heda (faili za .h zinazotangaza kilichomo kwenye maktaba) kutoka miniconda3/include, na folda hiyo ina heda za kila kitu kilichomo base, lua.h ya 5.4 ikiwamo. Ikitangulia /usr/include/lua5.3, lua.h ya 5.4 ndiyo inayosomwa. Katika Lua 5.4, `lua_newuserdata` ni makro inayogeuzwa kuwa `lua_newuserdatauv`. Kompaila anaridhika. Ikifika hatua ya linki, ya kuunganisha programu na maktaba, inaletwa liblua5.3 ya Ubuntu, ambayo haina kitu chenye jina hilo. Heda za 5.4, maktaba ya 5.3. Ndiyo maana kuweka na kuondoa liblua5.3-dev hakukusaidia: yenyewe haina kosa.

Hakikisha kwa macho yako:

`make VERBOSE=1 2>&1 | grep -m1 isystem`

Angalia ipi imetangulia kati ya `-isystem /home/ramani/miniconda3/include` na ya lua5.3.

Dawa:

`conda deactivate`
`which -a cmake c++ pkg-config`

Kama bado unaona miniconda kwenye majibu, kulikuwa na mazingira mawili yamepandana, rudia deactivate. Kisha futa build na uanze upya. Ni lazima kuifuta. CMake ikikosa kitu inaandika NOTFOUND na mara ijayo inatafuta tena, lakini ikishakipata, hata mahali pasipofaa, inashikilia jibu lile na haitafuti tena.

Ili base isijiwashe kila unapofungua terminali:

`conda config --set auto_activate_base false`

Conda hapa haina hatia, inafanya kazi yake ya kujiweka mbele. Ni wewe kuchagua lini uiwashe.

Kilimani_dev

Badala ya kufuta folda, si apige tu `cmake --fresh ..`? Au aongeze `-D CMAKE_IGNORE_PREFIX_PATH=$HOME/miniconda3`, conda ibaki imewashwa.

dada_postgis

Zote mbili ni nzuri ila kwake hazipo, kaka. Ubuntu 22.04 inakuja na CMake 3.22.1. `--fresh` ilianza 3.24, na CMAKE_IGNORE_PREFIX_PATH ilianza 3.23. Hiyo ya pili inatisha zaidi, kwa sababu CMake ya zamani haitaikataa: itaipokea kama kigeu cha kawaida na kuendelea kama vile hukusema kitu. Kwa 3.22, anayetaka conda ibaki imewashwa atumie `-D CMAKE_FIND_USE_SYSTEM_ENVIRONMENT_PATH=OFF`, iliyopo tangu 3.16.

Fundi_Makole

Turudi kwenye `Killed`. Hilo si kosa la msimbo wala la usanidi. Kerneli imemuua kompaila kwa sababu RAM imeisha. Thibitisha:

`sudo dmesg | grep -i "out of memory"`

Msimbo wa C++ wenye templeti nyingi unakula RAM sana, na `-j4` inaendesha kompaila wanne kwa pamoja ndani ya GB 4, tena na brauza iko wazi. Tumia `make -j1`, ukiona nafasi panda hadi `-j2`. Ongeza na swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM):

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Ikizimika kabla haijaisha, au umeme ukakatika laptopu haina chaji, usiendelee na make moja kwa moja. Huenda faili la .o limeachwa nusu, na make inaangalia tarehe tu, haiangalii kama faili limekamilika. Utakutana na `file truncated` au `file format not recognized` kwenye linki. Piga `make clean`, kisha anza.

Bando_Haba

Nyongeza kwa anayepakua kwa bando la simu. Usichukue historia nzima ya mradi:

`git clone --depth 1 https://github.com/osm2pgsql-dev/osm2pgsql.git`

Git haiendelezi kloni iliyokatika katikati, inaanza sifuri, kwa hiyo kloni ndogo ni salama zaidi mtandao ukiwa wa kusuasua. libosmium, protozero na fmt zimo tayari kwenye folda ya contrib, usizipakue peke yake.

Vifurushi vinavyohitajika:

`sudo apt install --no-install-recommends make cmake g++ libboost-dev libexpat1-dev zlib1g-dev libbz2-dev libpq-dev libproj-dev lua5.3 liblua5.3-dev nlohmann-json3-dev`

Kwenye maelekezo ya mradi utaona pia libopencv-dev na libpotrace-dev. Hizo ni za osm2pgsql-gen peke yake, na OpenCV inavuta mzigo mkubwa wa vifurushi. Kama hufanyi kazi ya kurahisisha maumbo ya ramani, ziache.

Ramani_Nkuhungu

Imekubali wakuu! Nimezima conda, nimefuta build, `make -j1` imefika asilimia 100, na `ldd ./osm2pgsql | grep conda` haileti kitu, yaani haitumii tena maktaba za conda. Nimepiga `sudo make install`. Mambo mawili yamebaki: `osm2pgsql --version` bado inasema 1.6.0, na nikitumia ile ya kwenye build inalalamika kuhusu PostGIS.

Fundi_Makole

Mpya imekwenda /usr/local/bin, ya apt iko /usr/bin. Bash inakumbuka njia ya zamani ndani ya terminali hiyohiyo. Piga `hash -r`, kisha `which -a osm2pgsql`, ya /usr/local itangulie. Nashauri ya apt uiondoe kabisa, isije skripti ya cron (inayojiendesha kwa ratiba), ambayo PATH yake ni fupi, ikaiita ile ya zamani.

dada_postgis

PostGIS inawashwa ndani ya kila hifadhidata, kuisakinisha kwenye mashine hakutoshi:

`sudo apt install postgresql-14-postgis-3`
`createdb dodoma`
`psql -d dodoma -c "CREATE EXTENSION postgis"`

Kama createdb au psql inakataa kwa sababu ya ruhusa, tanguliza `sudo -u postgres`. Hifadhidata ukiitengeneza hivyo, ongeza `-O ramani` kwenye createdb ili iwe mali yako.

Na kwa RAM ya GB 4 usiingize Tanzania nzima wakati unahitaji wilaya tatu. Sakinisha osmium-tool, ukate kwanza eneo lako:

`osmium extract -b 35.1,-6.6,36.2,-5.7 tanzania-latest.osm.pbf -o dodoma.osm.pbf`

Mpangilio ni magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo -6.6 ndiyo kusini na inatangulia -5.7. Kisanduku hicho kinachukua mji wa Bahi, jiji lote la katikati na Chamwino penyewe. Wilaya ya Chamwino inashuka kusini zaidi, kwa hiyo ukihitaji visima vya vijiji vya huko, punguza -6.6 hadi -7.5 kabla hujakata. Kisha:

`osm2pgsql -d dodoma -O flex -S mtindo.lua dodoma.osm.pbf`