Nataka kumpeleka mama Zanzibar mwezi wa sita, nina 1,200,000 kwa watu watatu. Nipange vipi?

Nesi_wa_Iramba

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, niko zahanati moja huku Iramba, Singida. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kusafiri na mzazi mtu mzima kwa fedha ya kawaida.

Mama yangu ni mkulima wa alizeti na vitunguu. Ametusomesha wote kwa jembe, na bahari hajawahi kuiona. Lakini kinachomvuta zaidi ya bahari ni taarabu. Nyumbani redio ilikuwa inakaa dirishani, na ikipigwa taarabu kazi zote zilisimama, hata ungo ulikuwa unawekwa chini. Aprili 2013 ilipotangazwa kwamba Bi Kidude amefariki, mama alikaa nje mpaka giza likaingia, akasema, "Basi, huyo sitamwona tena." Kuanzia hapo nikajiwekea kwamba nitampeleka Unguja akiwa bado ana nguvu za kutembea.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinavunjwa mwezi wa tano, na mgao wangu utakuwa kama 1,200,000. Tutakwenda mimi, mama na mwanangu wa miaka tisa, shule zikifungwa mwezi wa sita. Mama magoti yanamsumbua: anatembea, lakini ngazi nyingi na kusimama foleni ni mateso kwake. Presha anayo, dawa anatumia vizuri.

Nilimuuliza mtu wa mambo ya safari, akanipa bei ya hoteli ya ufukweni. Kwa usiku wa pili tu fedha ingekuwa imekwisha, na kwenye ratiba yake taarabu haimo kabisa.

Kwa hiyo nauliza: tupite njia gani, tulale wapi, na taarabu yenyewe, ile ya kukaa ukasikiliza, tutaipata wapi?

Mzee_wa_Kurasini

Dada, hongera sana kwa nia hiyo. Mimi nitakusaidia upande wa njia tu, maana Kisiwani wenyewe watakuja.

Usimpandishe mama basi la moja kwa moja Singida mpaka Dar. Kwa magoti hayo atafika miguu imevimba na siku ya kwanza yote itapotea kitandani. Pandeni basi mpaka Dodoma, mlale hapo kama mna ndugu, asubuhi mchukue treni ya SGR. Mimi nilikatiwa 31,000 daraja la kawaida Dodoma–Dar, na mtoto wa umri wa mwanao analipa nusu. Mtu anakaa ananyoosha miguu, choo kiko palepale, na kwa mgonjwa wa presha anayekunywa dawa za kumkojoza hilo si jambo dogo. Wewe nesi unalijua kuliko mimi.

Tiketi kata mapema, mwezi wa sita wanafunzi wanajaza mabehewa. Namba ya kitambulisho cha taifa iwe mkononi, na mfike stesheni muda wa saa mbili kabla ya treni kuondoka, kuna ukaguzi wa mizigo. Ukifika na mzee, mwambie mhudumu mapema akuonyeshe lifti.

Stesheni ya Dar na bandari ya boti ziko jirani, teksi au bajaji inawafikisha upesi. Mkitoka Dodoma na treni ya alfajiri mnaiwahi boti ya mchana siku hiyohiyo, hamna haja ya kulipia gesti Dar. Tiketi ya boti nunua kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu. Pale nje watakuja vijana wengi wa kukubebea begi na kukukatia tiketi. Waambie asante, endelea kutembea. Nauli yenu ni ya wakazi, kwa shilingi, kwa hiyo vitambulisho visikae kwenye begi la chini. Mgeni kutoka nje analipa dola 35. Wewe kwenye bajeti weka 35,000 kwa mtu mzima na 20,000 kwa mtoto, ikibaki ni mboga.

Mwl_Pangani

Naheshimu ndoto ya mama, lakini kwa fedha hiyo mimi ningewaleta Pangani. Bahari ni hiihii, gesti za bei nafuu zipo, samaki wanatoka majini unawaona. Hakuna boti wala teksi za bei ya watalii. Kwa 1,200,000 mnakaa kwa nafasi mara mbili ya muda wa Unguja. Mzee mwenye magoti anahitaji utulivu kuliko safari ya kubadilisha vyombo vinne. Fikiria hilo.

Nesi_wa_Iramba

Mwalimu, nimekusikia, na ingekuwa ni bahari peke yake ningekuja Pangani bila kusita. Lakini mama hajaniambia nimwonyeshe maji. Amesema anataka kukaa mahali ambapo ule muziki unapigwa na watu wenyewe. Nikimpeleka kwingine atashukuru, ni mama, atashukuru kwa chochote. Mimi ndiye nitakayejua.

Mzee wa Kurasini, Dodoma yupo mjomba, kulala si shida. Asante sana.

KikwajuniJuu

Assalaam alaikum dada. Nimesoma uzi wote na nimefurahi mno na mamaako. Mimi mzaliwa wa Unguja, na taarabu kwetu ndani ya nyumba ilikuwa kama chakula, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Kwanza pahala pa kulala. Lala mjini, usilale pwani ya mashariki wala kaskazini. Mtu akisikia Zanzibar anawaza ufukwe, analala Nungwi au Paje, halafu kila anachokitaka kiko mjini na kila safari anaomba teksi. Taarabu iko mjini, chakula cha bei ya wenyeji kiko mjini, hospitali iko mjini. Na usishikilie kulala ndani ya Mji Mkongwe. Nyumba za mule ni za kale, ngazi zake zimesimama wima na vyumba vya bei nafuu huwa juu kabisa. Kwa mtu wa magoti hapana. Tafuta gesti ya wenyeji Kikwajuni, Michenzani au Kisimamajongoo, chumba cha chini, kitanda kikubwa na kidogo. Piga simu kabla, useme wazi: "Nina mama wa magoti, nataka chumba cha chini na choo cha kukaa." Weka 60,000 kwa usiku, na ukilipia siku zote pamoja utapunguziwa. Mwezi wa sita mwanzoni ni bora kuliko mwishoni, kwani Julai na Agosti wageni wanamiminika na bei zinapanda.

Sasa taarabu. Vikundi viwili vya kale bado viko. Ikhwan Safaa ndicho kikongwe, tangu 1905. Na Culture Musical Club, sisi twasema Culture tu, kilianza 1958, klabu yao iko Vuga. Hawa hukutana jioni kufanya mazoezi, na hapo ndipo ningempeleka mamaako, kabla ya onyesho lolote la kulipia. Mtu anakaa kwenye kiti karibu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, anaona vidole. Wimbo unakatika, wanabishana, wanaanza upya. Katika onyesho la hoteli hayo huyaoni. Nenda mchana bila mama, toa salamu, eleza kwamba umetoka na mzee Singida kwa ajili ya muziki huu, uliza wanakutana siku gani. Mimi sijaona mtu mwenye adabu akafukuzwa.

Pia kuna DCMA, chuo cha muziki kilichoanza 2002. Vijana wanafundishwa udi, kanuni, fidla na ngoma, na huwa na maonyesho ya jioni yenye kiingilio. Mchukue mwanao huko, aone watoto wa umri wake wanashika ala. Kabla ya kutoka mbadilishie mama noti ndogondogo. Akiguswa na mwimbaji atanyanyuka kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha mkononi, na ni haki yake kutunza kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo fedha usiibane.

Mueleze pia habari za Siti binti Saad mkiwa njiani. Mtoto wa Fumba, alikuja mjini kuuza vyungu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude mwenyewe alimfuata Siti. Mama akijua mnyororo huo atasikia zaidi.

Chakula: bustani ya Forodhani jioni nendeni, ni pazuri, watoto wanajitupa baharini kutoka ukutani na mwanao hatotaka kuondoka. Lakini kwenye meza za samaki uliza bei kabla hujagusa, na msifanye ndiyo chakula cha kila usiku. Urojo mnywe mitaani, mchana wali na samaki kwenye mikahawa ya karibu na Darajani. Ngome Kongwe iko papo hapo mbele ya Forodhani, kuingia bure, na ina pa kukaa. Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Sultani, mtaiona kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Sasa bahari, na hapa nisikilize vizuri dada, maana wageni wengi wanakosea. Pwani ya mashariki maji yanakupwa mbali sana. Ukifika saa mbaya utaona mchanga na mawe mpaka upeo wa macho, mtu anasema "bahari iko wapi?" Kwa hivyo siku ya pwani ichague kwa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndipo bamvua: maji hukupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Kwa mamaako mimi ningechagua siku hiyo makusudi. Fikeni Jambiani asubuhi maji yakiwa yametoka, mtawakuta wanawake wa mwani wako kazini. Wamepanga kamba na vijiti ndani ya bahari, wanafunga, wanavuna, wanabeba magunia kichwani, kilimo kama kilimo kingine. Kimekuja huku mwishoni mwa miaka ya themanini. Mkulima wa vitunguu akikaa na mkulima wa mwani watakuwa na la kuzungumza. Kisha mle, mama apumzike kivulini, na maji yatamjia mwenyewe polepole hadi miguuni alasiri. Hana haja ya kutembea kuyafuata.

Gari ya abiria ya Jambiani ni namba 309 na ni rahisi, lakini siku hiyo moja kodi gari na dereva. Patana naye siku moja kabla, bei ya kwenda, kungoja na kurudi, kama 90,000. Mtapita msitu wa Jozani, mwambie dereva apunguze mwendo, mtoto atawaona kima punju kwenye miti. Siku nyingine zote tembeeni na gari za kawaida.

Kisiwa cha Changuu, kwenye kobe, usimpeleke mama. Boti ile unaingia kwa kukanyaga maji na kujivuta juu. Kama mtoto analilia kobe, nenda naye nyinyi wawili kwa kuchangia boti na wengine, mama abaki barazani na watu wa kahawa.

Nesi_wa_Iramba

Kaka, nimesoma jibu lako kwa sauti nikiwa kwa mama, hiyo ya wanawake wa mwani ameniomba nirudie. Anauliza wanapalilia au hawapalilii.

Nimekaa na kalamu. Basi Singida–Dodoma nimeweka 15,000 kila kiti, kwenda na kurudi watu watatu 90,000. Treni kwenda na kurudi 155,000. Boti 180,000. Gesti usiku nne 240,000. Chakula siku tano kwa 40,000 ni 200,000. Gari ya Jambiani 90,000. Taarabu, viingilio na noti za mama za kutunza 60,000. Bajaji na teksi ndogondogo 45,000. Jumla 1,060,000. Inabaki 140,000 na hiyo siigusi, ni ya dharura ya mama tu. Changuu nimeifuta, mtoto nimemwambia kima punju wanatosha, amekubali.

Limebaki moja: mwezi wa sita ni msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Boti itamsumbua? Dawa ya kichefuchefu ninayo na dozi naijua, nauliza kuhusu pa kukaa.

Mwl_Pangani

Hapo kwenye hesabu umenishinda. Nendeni. Ongeza tu jambo moja: dawa za presha za mama zigawe, nusu begi lako, nusu mkoba wake.

KikwajuniJuu

Mwambie mama hawapalilii, lakini wanang'oa majani ya bahari yanayojizonga kwenye kamba, na kuna samaki wanaokula mwani kama ndege wanavyokula alizeti yake. Mengine atawauliza wenyewe.

Kusi linavuma, ndiyo, na mkondoni boti hucheza. Kaeni chini, safu za katikati kuelekea nyuma, si mbele wala ghorofani. Pandeni mapema mpate viti hivyo, na siku ya kurudi kateni boti ya asubuhi, upepo huwa haujachachamaa. Mama ale kitu kikavu kidogo muda wa saa moja kabla ya boti, asipande na tumbo tupu wala na chai ya maziwa.