Uso wa mwanamke ukitazamwa ubavuni: kulainisha kuanze na pua au kidevu?

Brashi_na_Poda

Habari zenu wadau. Nauliza kwa niaba ya wanaopambwa, maana swali hili halikauki. Mtu ukimtazama kwa mbele hana tatizo, ila akigeuka ubavu uso unakuwa mkali: mfupa wa juu ya nyusi umetokeza, pua ina nundu katikati, kidevu kimerudi nyuma, na chini ya kidevu pamejaa hadi hujui shingo inaanzia wapi. Kontua, ile poda ya kuchora vivuli usoni, humdanganya aliyesimama mbele tu. Ubavuni poda haipunguzi nundu.

Naomba kueleweshwa njia zilizopo, za sindano na za kisu: kila moja inagusa nini, inatumika kiasi gani, na huharibikia wapi. Wengi wanakimbilia kupunguza pua. Ni sahihi kuanza hapo? Na hii Botox ya taya inayosifiwa, ile sindano ya kulegeza msuli, ubavuni ina faida?

Pima_Kwanza

Kuanza na pua ndiyo kosa lenyewe. Pua huonekana kubwa au ndogo kwa kulinganishwa na kidevu. Kidevu kikirudi nyuma milimita 5, pua ya kawaida kabisa itaonekana imechomoza. Ukiipunguza pua ukakiacha kidevu, uso unabaki bapa, na midomo sasa ndiyo inayoonekana imetangulia.

Kabla ya kumwona daktari, pigeni picha inayopimika. Simu ikae mita 1.5 au zaidi kutoka usoni, kisha mkuze picha, kwa sababu picha ya umbali wa mkono hupotosha uwiano. Kamera iwe usawa wa katikati ya uso. Mhusika asimame, atazame mbele kwenye usawa wa macho yake, meno ya nyuma yagusane kidogo, midomo ilegee. Wekeni rula wima kando ya uso ndani ya picha hiyohiyo, la sivyo milimita zote zitakuwa za kubuni. Na jihadharini na kichwa: kikiinama digrii chache kidevu kinarudi nyuma, kikiinuka kinakuja mbele na shingo inanyooka. Picha nyingi za "kabla na baada" zimebebwa na ujanja huo tu.

Halafu chora mstari wima ukishuka kutoka ukingo wa mdomo wa chini. Kwa mwanamke, kidevu kikiwa nyuma ya mstari huo kwa milimita 2 au 3 bado ni kizuri, na kwa kweli ndicho kinacholainisha uso. Kikipita hapo kuelekea nyuma, tatizo linaanzia kidevuni. Chora na wa pili, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya kidevu. Vitabuni utasoma kwamba mdomo wa juu ukae milimita 4 nyuma ya mstari huu na wa chini milimita 2. Vipimo hivyo vilitokana na nyuso za Wazungu. Kwa Waafrika na Waasia wengi midomo hugusa mstari au huupita, na uso umekaa sawasawa. Anayekuonyesha mstari huo akasema midomo yako ina kasoro, muulize kwanza anauza nini.

Pembe kati ya mdomo wa juu na sehemu ya chini ya pua kwa wanawake huwa kati ya digrii 95 na 110 hivi. Ikizidi sana, matundu ya pua yanatazama watu.

Jaribio la mwisho halihitaji rula. Mwambie afunge midomo, kisha tazama ngozi ya kidevu. Ikijikunja vitobo kama ganda la chungwa, midomo inafungwa kwa nguvu. Hapo tafuta sababu kwenye meno au taya kwanza.

Waya_za_Meno

Hapo kwenye meno niongezee, maana ndipo watu hupitiliza.

Kama meno ya mbele ya juu na chini yamelalia mbele yakisukuma midomo, waya za meno hubadilisha uso wa ubavuni kuliko fila yoyote, yaani sindano ya kujaza. Kwa kawaida hung'olewa magego manne madogo, moja kila upande juu na chini, kisha meno ya mbele huvutwa kuingia kwenye nafasi hizo. Hesabuni miaka 2 hivi. Midomo hairudi milimita kwa milimita na meno. Hurudi pungufu, na midomo minene hurudi kidogo kuliko myembamba.

Huharibika pale uso wenye pua ndefu na kidevu kifupi unapofanyiwa hivyo. Midomo ikirudi, pua inabaki peke yake mbele kama mlingoti.

Na kama taya lote la chini ndilo lililorudi, yaani meno ya juu yanayatangulia ya chini kwa nafasi kubwa, kipandikizi cha kidevu kitaficha tatizo tu. Tiba yake ni waya kwanza, halafu daktari wa upasuaji wa kinywa na taya alisogeze taya mbele. Mwulizeni mhusika kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Akijibu ndiyo, suala limeshatoka kwenye urembo.

Sindano_na_Mizani

Nije kwenye fila, nikianza na kidevu, kwa sababu ndiko inakofanya kazi nzuri zaidi kwa hatari ndogo zaidi.

Fila ya asidi ya hayaluroniki, ile jeli ngumu isiyosambaa, huwekwa juu ya mfupa kabisa, mililita 1 hadi 2. Inatosha kwa kidevu kilichopungukiwa milimita 3 au 4. Zaidi ya hapo unaongeza ujazo na si urefu, na kidevu kinakuwa kizito. Hukaa miezi 9 hadi 18. Kosa la kwanza ni kumwaga yote kwenye ncha: kidevu kinachongoka. La pili ni kuweka vituo viwili vilivyoachana: kidevu kinakuwa cha mraba, sura ya kiume. Kwa mwanamke weka kituo kimoja cha katikati, kisha malizia kidogokidogo, mililita 0.1 hadi 0.2 kila upande, kwenye kibonde kati ya kidevu na shavu linaloshuka, ili mstari wa taya usikatike.

Kama kidevu kina vile vitobo alivyovitaja Pima_Kwanza na meno hayana shida, tangulizeni Botox kwenye msuli wa kidevu, yuniti 4 hadi 8 kwa jumla. Msuli ukitulia, fila inahitajika kidogo. Sindano ikienda pembeni mno inagusa msuli unaoshusha mdomo, na tabasamu linapinda kwa miezi kadhaa. Yuniti za Botox na za Dysport, dawa nyingine ya aina hiyohiyo, hazilingani, kwa hiyo msilinganishe namba za kliniki mbili bila kujua chupa ni ipi.

Sasa pua. Fila haipunguzi nundu. Inajaza juu na chini yake, mililita 0.2 hadi 0.5, ili mstari unyooke. Kwa vipimo pua imekuwa kubwa zaidi, ila jicho linaiona ndogo kwa sababu haina mkunjo. Kwa nundu ndogo matokeo hupendeza. Lakini pua ni kati ya sehemu za hatari kubwa zaidi za kuchoma fila usoni, na sababu yake ijulikane: mishipa ya damu ya pua imeungana na ile inayolisha jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa kwa msukumo, inarudi kinyume na mkondo hadi nyuma ya jicho, na upofu wake mara nyingi haurudi. Ikibaki kwenye ngozi, ngozi inakosa damu na kufa. Pua iliyowahi kupasuliwa ni hatari zaidi, maana makovu yamebadilisha njia za mishipa.

Dalili: ngozi kupauka ghafla, kisha michirizi ya zambarau kama wavu, na maumivu yasiyolingana na sindano. Wakati mwingine maumivu hayapo kwa sababu fila nyingi zimechanganywa na dawa ya ganzi. Kwenye ngozi nyeusi kupauka hakuonekani kirahisi, kwa hiyo bonyeza kwa kidole na uachie: damu ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, simamisha kila kitu. Dawa yake ni hayaluronidazi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila hiyo, mamia ya yuniti eneo lote lililoathirika, na kurudiwa kila saa hadi rangi irudi. Macho yakififia, ni dharura ya dakika: hospitali yenye daktari wa macho, papo hapo.

Swali la kuuliza mlangoni ni moja: "Hayaluronidazi ipo humu ndani?" Jibu likiwa "tutaagiza", ondokeni. Na kwa sababu hiyohiyo, silikoni ya maji na fila nyingine za kudumu hazifai usoni. Hazina cha kuziyeyusha.

Brashi_na_Poda

Asanteni sana. Mmeiruka ile Botox ya taya, ya msuli wa kutafunia. Na nyuzi za kuvuta ngozi?

Sindano_na_Mizani

Dada, hiyo ni ya uso wa mbele. Yuniti 20 hadi 30 za Botox kila upande, msuli unasinyaa kwa wiki 4 hadi 8, na matokeo hukaa miezi 4 hadi 6. Uso unapungua upana. Ubavuni utaona pembe ya taya imelegea kidogo, basi. Kwa ngozi iliyokwisha kulegea inaweza hata kuharibu, kwani msuli uliokuwa unaishikilia umepungua na shavu linashuka juu ya taya.

Nyuzi hazisogezi mfupa. Kwa uso uliouelezea, ni hela imepotea.

Kisu_Polepole

Upande wa upasuaji nitaanza na shingo kwa sababu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayotibiwa vibaya. Shika ile nyama ya chini ya kidevu kwa vidole viwili, kisha mwambie akaze shingo. Ikibaki vidoleni, ni mafuta yaliyo juu ya msuli: yanaweza kunyonywa kwa mrija mwembamba, au kuyeyushwa kwa sindano za asidi ya deoksikoliki. Hizo huchomwa mililita 0.2 kila kituo, vituo vikiachana sentimita 1, zisizidi mililita 10 kwa siku moja, na kurudiwa baada ya mwezi au zaidi, hadi mara 6. Uvimbe wake ni wa kutisha kwa wiki ya kwanza, msipange sherehe. Sindano zikikaribia ukingo wa taya zinajeruhi neva ya mdomo wa chini na tabasamu linakwenda upande. Ila kama nyama iliponyoka vidoleni alipokaza, mafuta yako chini ya msuli na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kitakachoyafikia.

Kidevu kina njia mbili. Kipandikizi cha silikoni huingizwa kupitia mdomoni au mkato mdogo chini ya kidevu. Kazi ni fupi, lakini kisipofungwa kwa skrubu kinahama, kinaweza kupata usaha, na kwa miaka mfupa ulio chini yake hulika. Kwa mwanamke mbawa za pembeni ziwe nyembamba. Njia ya pili ni kukata mfupa wenyewe kupitia mdomoni na kuutelezesha mbele, milimita 4 hadi 10, kisha kuufunga kwa bamba la titani. Mkato unapita milimita 5 au zaidi chini ya tundu la neva, kwa kuwa neva hujikunja chini ndani ya mfupa kabla ya kutoka. Ganzi ya mdomo wa chini kwa wiki au miezi ni jambo la kawaida, na wachache hubaki nayo. Nauona bora kwa kidevu kilichorudi sana: unaweza pia kubadilisha urefu wake kwenda juu au chini, na misuli iliyoshikamana na kipande hicho huvutwa mbele, pembe ya shingo ikajichora yenyewe.

Nundu ya pua ni mfupa juu na gegedu chini. Ikishaondolewa, mgongo wa pua unabaki wazi kama nyumba isiyo na paa, ndiyo maana mifupa ya pembeni hukatwa na kusogezwa ndani. Kwa mwanamke mgongo huachwa chini ya ncha kwa milimita 1 au 2. Banzi hukaa wiki moja, miwani isiegemee pua kwa wiki 4 hadi 6, na uvimbe wa ncha huisha baada ya mwaka, au zaidi kama ngozi ni nene. Ngozi nene ndiyo inayowaponza wengi: gegedu likiondolewa kupita kiasi, ngozi haishuki kulifuata, nafasi inajaa kovu, na pua inakuwa kama mdomo wa kasuku. Pua yenye mgongo wa chini haipunguzwi kabisa. Huinuliwa, ikiwezekana kwa gegedu la mbavu za mtu mwenyewe.

Mfupa wa juu ya nyusi haukwanguliwi bila CT scan. Nyuma yake kuna uwazi wenye hewa. Ukuta ukiwa mnene, kukwangua kunatosha. Ukiwa mwembamba utatoboka, hivyo hukatwa, hurudishwa nyuma na kufungwa. Kujaza kibonde cha juu yake kwa fila kunawezekana, lakini mishipa ya hapo nayo inaelekea jichoni.

Mwenye keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, aepuke mkato wa chini ya kidevu na ule wa kufupisha mdomo wa juu. Kidevu na pua vyote vinaweza kufanywa kwa ndani. Sigara iachwe wiki 4 kabla. Fila ya zamani puani iyeyushwe kwanza, la sivyo daktari anapima kitu ambacho si pua.

Pima_Kwanza

Kidevu na pua vikifanywa siku moja, kidevu kiamuliwe kwanza, kwani ndicho kinachoamua nundu ipunguzwe kiasi gani. Mwambieni daktari atengeneze picha tatu kwenye kompyuta: kidevu peke yake, pua peke yake, na vyote pamoja. Aanze kuonyesha ile ya kidevu, na asitaje pua mpaka mhusika aitaje mwenyewe.