Papa Julius II alimzungusha Michelangelo maisha yake yote, na bado mnamsifia!

Wakuu, nimechoka. Kila ukifunguliwa uzi wa sanaa lazima atokee mtu aandike eti bila Papa Julius II tusingempata Michelangelo, yule mchongaji wa Italia. Hivi mnajua huyo mzee alimfanyia nini kijana wa watu?

Mwaka 1505 anamwita Roma na kumwagiza amchongee kaburi. Sanamu zipatazo 40, kazi iishe ndani ya miaka 5. Jamaa anapanda milima ya Carrara, anakaa huko miezi kama minane akichagua marumaru. Mawe yanafika Roma, yanarundikwa uwanjani kwenye kanisa la Mtakatifu Petro, na bosi kashabadili mawazo! Sasa anataka kanisa jipya, yuko na msanifu majengo Bramante. Fundi akienda kudai hela ya mzigo anafukuzwa mlangoni na mtumishi. Aprili 1506 akaona isiwe taabu, akapanda farasi usiku na kutimkia Florence. Hapo ndipo Papa akakumbuka kuwa ana fundi, akatuma watu wamkimbize.

Walipopatana, akampa kazi ya sanamu kubwa ya shaba kule Bologna, sura ya Papa mwenyewe. Mwaka 1511 watu wakaiangusha, shaba ikayeyushwa ikawa mzinga. Sina la kuongeza.

Halafu dari la kanisa dogo la Sistine kule Vatikani, 1508 hadi 1512. Mtu anasema mimi ni mchongaji, kupaka rangi si kazi yangu, analazimishwa. Na nyie wa "alichora amelala chali", acheni! Alisimama jukwaani shingo kaipinda nyuma, rangi ikimdondokea usoni. Aliandika shairi kulalamika kuwa kazi hiyo imemwotesha tezi la shingo.

Na kaburi je? Julius kafa 1513, warithi wakaendelea pale pale. Mkataba ukaandikwa upya mara kadhaa, kila mara kaburi linapungua, huku wakimsema kala hela. Limekuja kumalizika 1545, tena si kwa Mtakatifu Petro bali San Pietro in Vincoli, likiwa limeegemezwa ukutani. Sanamu ya Musa ndiyo inayolipa sifa. Mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba ujana wake wote umepotea akiwa amefungwa na kaburi hilo.

Papa Leo X, aliyemfuata Julius, naye hovyo tu. Kamwagiza uso wa kanisa la San Lorenzo, kampeleka machimbo mapya ya Pietrasanta ambako hata barabara ilibidi ichongwe kwanza, na mwaka 1520 mkataba ukavunjwa. Nendeni Florence mkaone, ukuta wa mbele uko mawe matupu mpaka leo.

Najua mtakuja na "mbona alikufa tajiri". Ndiyo, 1564, na alikuwa bahili kwelikweli. Utajiri wake unahusianaje na mteja kukataa kulipia mzigo alioagiza mwenyewe? Wanaomtetea Julius waanzie hapo.