Daftari la mazishi la 1918 na kikaratasi cha bibi, wenye kujua nisaidieni

Mjukuu_wa_Machame:
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Niko Moshi, ukoo umenipa kazi ya kuandika historia yetu, sababu kubwa ni kwamba ndo mwenye laptopu. Wiki iliyopita mzee wa kanisa kaniruhusu nikae ofisini usharikani mchana mzima nipige picha daftari la mazishi la zamani. Mwandiko wa Kijerumani umelala kama majani ya ulezi yaliyopigwa na upepo, pembeni mende wamekula, ila majina na tarehe zinasomeka. Sasa miaka mingi ukurasa mmoja unatosha miezi na miezi, unafika mwisho wa 1918 majina yanajazana ghafla, watu wa nyumba moja wanafuatana, mama leo mtoto keshokutwa. Pembeni kuna neno Grippe, halafu chini yake vile vialama viwili vya kurudia tu, mpaka mwisho wa ukurasa.

Kinachonisumbua ni babu. Babu anasimulia kila kitu, Mangi Meli, yule chifu wa Wachagga, kunyongwa na Wajerumani mwaka 1900 anasimulia utadhani alishika kamba, na wakati huo hata baba yake alikuwa mtoto. Ila hili la 1918 sijawahi kulisikia kwake hata siku moja. Na kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta kikaratasi cha chanjo ya ndui, kimekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha nyimbo. Vitu hivi navisomaje? Nataka niandike watu waliishije na kuuguaje, sio orodha ya nani alimzaa nani.

Chalii_wa_Sombetini:
Grippe ni mafua mwanangu, ile homa kubwa ya dunia nzima mwisho wa vita ya kwanza. Huko kwenu angalia reli. Waingereza waliichukua Moshi Machi 1916 na vita hiyohiyo wakavuta reli kutoka Voi kupitia Taveta mpaka Kahe ikaungana na ile ya Tanga, kwa hiyo 1918 mtu anayekohoa akishuka melini Mombasa anafika mlimani bila kutembea hata hatua. Ongeza wapagazi waliokuwa wanarudi nyumbani wamechoka hawana nyama mwilini, maelfu kwa maelfu, ndo hao jina lao la Carrier Corps limebaki Dar pale Kariakoo.

Ila mimi nashangaa kitu kimoja. Upande wa mama yangu ni Wamaasai, sotoka ya miaka ya 1890 iliyomaliza ng'ombe halafu ndui ikaja juu yake, ile wana jina lake kabisa, Emutai, wazee wanaitaja mpaka kesho. Mafua ya 1918 yameua watu dunia nzima na hayana jina nyumbani. Labda ng'ombe wana heshima kuliko sisi 😂

Nesi_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hicho kikaratasi usikitupe na usikipige laminesheni, kiache kilivyo. Mtu alikuwa hasafiri mbali bila hicho. Na bibi yako lazima alikuwa na kovu mkononi, sisi wa zamani tunalo, ninyi mlilonalo ni la chanjo ya kifua kikuu. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca Somalia mwaka 1977, halafu 1980 dunia ikatangaziwa imeisha, ndo maana wajukuu hamjui hata inafananaje.

Sasa nikuonye kuhusu madaftari ya hospitali maana najua utayaendea. Nimejaza hayo madaftari miaka mingi. Tulikuwa tunaandika waliokuja. Aliyefia kihambani, yaani nyumbani kwake kwenye migomba, hayumo. Aliyekuja saa kumi na mbili jioni nesi kachoka anaandikiwa homa, na homa ni kila kitu.

Panya_wa_Nyaraka:
Nesi kamaliza, niongeze mfano mmoja. Ukisoma ripoti za idara ya tiba za Tanganyika za miaka ya 1920 utakuta buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi, kila mahali, utadhani nchi nzima ilishikwa na buba ghafla. Buba ilikuwepo siku zote. Kilichokuja ni sindano ya bismuthi, vidonda vinakauka mtu anaona kwa macho yake, basi watu wakamiminika na daftari likajaa. Yaani ripoti inakuonyesha dawa iliyofanya kazi kuliko inavyokuonyesha ugonjwa. Na mapenzi yetu ya kudai sindano hata kwa mafua, mimi nahisi yalianzia hapo. Kifua kikuu hivyohivyo, hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto ilianza 1926, wagonjwa wakaanza kuonekana kwenye karatasi kwa sababu kuna mahali pa kuwapeleka.

Kwa hiyo daftari lako la mazishi ni mali kuliko unavyodhani, lile linaandika waliokufa hata kama hawakumwona daktari. Shida yake ni moja, linaandika waliobatizwa tu. Ukipata nauli nenda Dar, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, beba barua ya utambulisho, omba kitabu cha wilaya ya Moshi na mafaili ya Wajerumani yenye herufi G.

Chalii_wa_Sombetini:
Basi kama ni hivyo madaftari yote ni uongo tu tuwaulize wazee

Bwana_Afya_wa_Zamani:
Kijana, sio uongo. Mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya nilikuwa ndo nimeanza kazi, wilaya moja ya huku kaskazini. Wiki 12, watu wanakaa vikundi wanasikiliza redio, wanajadili malaria, kuhara damu, safura, kichocho, kifua kikuu. Watu wazima kama milioni 2 walishiriki nchi nzima. Kazi yangu baiskeli na daftari, nahesabu vyoo. Siku moja nafungua mlango wa choo kipya, mabua bado mabichi, nakuta mkungu wa ndizi umefunikwa vizuri unaivishwa juu ya shimo. Mama mwenye nyumba ananiangalia, mimi namwangalia. Nikaandika kipo. Kipo kweli!

Nilipokuja kuzoeana nao ndo nikaambiwa, mkamwana hawezi kutumia choo anachoingia baba mkwe, na choo ni kimoja. Hilo kwenye fomu halikuwa na sehemu yake. Sasa ukisoma ripoti yangu utaona choo, na wazee nao huyo mkamwana hawakusimulii mpaka uulize vizuri. Unahitaji vyote viwili.

Mjukuu_wa_Machame:
Asanteni sana wazee wangu, na wewe chalii. Jana nimepanda nyumbani nimemwonyesha babu zile picha kwenye simu, nimezikuza mpaka mwisho. Kasoma majina mawili kwa sauti, la tatu kwa mdomo tu, akanirudishia simu. Nikadhani imeisha hiyo. Baada ya kunywa chai kaniuliza kama daftari limeandika walizikwa wapi, maana hao wa nyumba ile makaburi yao kihambani hayapo, na baba yake hakuwahi kumwonyesha. Narudi usharikani Jumatatu kuangalia.