Mjadala: Je, shauri lifie mlangoni kwa sababu hati zimechelewa?

Mtoa hoja, Nyamagana

Naleta swali linalotugawa mawakili na wananchi hapa Mwanza: hati ikiwasilishwa nje ya muda na upande wa pili ukaweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri liondolewe kabla ya kusikilizwa, je, mahakama iliondoe shauri papo hapo, au iendelee kutafuta nani mwenye haki? Wanaotaka liendelee hushika Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba, inayozitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Wenzao hujibu kwamba Mahakama ya Rufani imekwishaonya kuwa kanuni hiyo haiwezi kutumika kuvunja masharti ya lazima yanayogusa mzizi wa shauri.

Kwa maoni yangu tunachanganya mambo mawili. Ukomo wa kufungua madai, yaani miaka 6 kwa mkataba na 12 kwa kurejesha ardhi, uachwe ulivyo, kwa kuwa hakuna anayepaswa kuishi na hofu ya kushtakiwa maisha yake yote. Ninachopinga ni ukali uleule kutumika ndani ya shauri lililo hai. Mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wake tangu apokee hati ya wito, na kwa marekebisho ya mwaka 2019 anaweza kuongezewa siku 10 tu, tena akiomba kabla muda haujaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha. Akipitiwa na hapo, anabaki mtazamaji katika kesi yake mwenyewe.

Mfikirieni pia mtu wa kisiwa cha Ukara aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mwenye siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku za kusubiri nakala ya hukumu huondolewa kwenye hesabu, lakini lazima aonyeshe aliiomba lini na ilikuwa tayari lini. Akichelewa na kuomba aongezewe muda, hati yake ya kiapo itoe maelezo ya kila siku iliyopotea, hata ikiwa moja, na kuandika tu kwamba alikuwa anaumwa, bila cheti cha hospitali, hakumfikishi mbali. Mtaniambia kwamba tangu kanuni za mwaka 2018 hati inayotumwa kwa mtandao kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa ya siku hiyo. Ni kweli, ila asiye na wakili huanzia kwenye duka la steshenari, ambako anaskaniwa kurasa moja moja, kisha anasubiri namba ya malipo. Akilipa kesho yake, linazuka pingamizi jingine kuhusu siku hasa ya uwasilishaji.

Mchangiaji, Nansio

Wakili msomi, umetusemea watu wa visiwani bila kutuuliza. Mimi ni mdai. Nimelipa nauli ya meli, nimelala gesti, nimefika mahakamani na mashahidi wangu asubuhi, halafu wakili wa upande wa pili, ambaye ofisi yake iko mwendo wa dakika chache kutoka hapo, anasimama kuomba ahirisho kwa sababu hati zake hazijakamilika. Gharama, tunaambiwa, zitaamuliwa mwisho wa shauri. Ukininyang'anya pingamizi, umenibakizia nini cha kumfanya mtu huyo aheshimu tarehe? Ulegevu mnaouita haki huwafaa zaidi wenye mawakili wa kuomba ahirisho, wala si mimi.

Mtoa hoja, Nyamagana

Ndugu yangu, kuhusu gesti na nauli sina ubishi nawe, na ndiyo maana sipendekezi msamaha wa bure. Anayechelewesha alipe gharama za siku hiyo, nauli za mashahidi zikiwemo, kabla hati yake haijapokelewa; ahadi ya kulipa baada ya miaka miwili isikubaliwe. Kwa wakili wa mjini, amri hiyo itauma kuliko pingamizi, ambalo mara nyingi huishia kuliondoa shauri ili lifunguliwe upya na wewe upande meli tena.

Mapingamizi yenyewe nayo yachujwe. Tangu uamuzi wa kesi ya Mukisa Biscuit wa mwaka 1969, pingamizi la awali linapaswa kuwa hoja ya kisheria pekee, lakini bado yapo yanayohitaji ushahidi ili kujua hati ya wito ilipokelewa lini na nani aliisaini. Hayo yangojee usikilizwaji. Na zile siku 10 ningependa Bunge liziangalie upya, hakimu aachiwe nafasi ya kupima sababu iliyo mbele yake hata zikipita. Wewe ungekubali mpangilio huo ikiwa gharama zako zinalipwa siku ileile?